Niliponyamaza Ngomeni Corbenic

Nyie wenzangu wa zahanati mliniuliza Kanada kulikuwaje, nikawajibu kuzuri ila kuna baridi, nikawagawia sabuni na chokoleti, yakaisha. Sikuwaambia kweli. Ile safari imenikaa kooni tangu Machi kama mwiba wa samaki, kila nikimeza nausikia. Sasa naiandika yote, kwa sababu nimechoka kuulizwa na kujibu "kuzuri." Mkimaliza kusoma mtanisema mtakavyo. Mimi nimeshajisema vya kutosha.

Kwa wale wageni wa kazini wasioijua nyumba yetu: Kaka Gervas ndiye aliyenilea. Baba alifariki mimi nina miaka sita na yeye kumi na tisa. Akaacha shule, akabeba mizigo bandarini Kigoma, akaninunulia sare, akanisomesha mpaka uuguzi. Shikamoo ninayompa ni ya mtoto kwa baba. Alikwenda Toronto miaka kumi na minane iliyopita, hakuwahi kurudi. Mwaka jana mwishoni akapiga simu: "Ade, nataka uje unione. Wewe, si mwingine." Mama akasema mtoto amekumbuka kwao. Nami nikasema hivyo hivyo. Hakuna aliyeuliza kwa nini mimi, wala kwa nini sasa.

Treni

Habari za pasi na viza nawaruka, kila mtu anazo zake. Naanzia stesheni ya Kigoma, na mfuko wa dagaa, na dumu dogo la mawese nililolifunga kwa nailoni tatu, na karatasi.

Karatasi hiyo ilikuwa ya Mama. Alikaa na jirani akaiandikisha: shangazi anataka simu, binamu anataka viatu vya mpira namba arobaini na tatu, mchungaji anataka vipaza sauti viwili, na fulani, na fulani. Pande mbili zimejaa. Baada ya Kaliua treni ikasimama porini, hakuna aliyetuambia kitu, tukakaa saa saba tukila karanga na mihogo ya kuchemsha. Nikaisoma ile karatasi mpaka nikaona aibu. Nikakumbuka ndugu wote wanaofika ughaibuni mdomo wazi kama vifaranga. Nikaichana vipande vipande, nikavitupa dirishani, nikaapa: mimi sitamwomba Kaka kitu. Nitakwenda kumwona tu. Akiniuliza kama nina neno, nitasema sina.

Mzee mmoja wa Tabora aliyekaa mbele yangu, mwenye ndoo ya asali, akaniuliza huyo kaka anafanya kazi gani huko. Nikamjibu kama tulivyozoea kujibu nyumbani: "Yuko kwenye ngome kubwa." Hivyo ndivyo Kaka mwenyewe alivyotuambia kwenye simu, na Mama alikuwa amekwisha kuutangazia mtaa kwamba mwanawe analinda serikali ya Wazungu. Mzee akatikisa kichwa kwa heshima, akanilambisha asali. Nilikuwa na fahari sana siku ile. Ningejua ningeitema.

Dar, Addis, Toronto

Kutoka Addis nilikaa na bibi mmoja wa Kiismailia, mzaliwa wa Mwanza, Kiswahili chake kisafi kuliko changu. Alikuwa ameishi Toronto miaka arobaini na ushee. Alinionyesha namna ya kufungua kile chakula cha ndege, maana nilikuwa napigana na kifuniko, akaniambia, "Mwanangu, nikupe moja. Kule usiamini mtu akikwambia mzima. Wote tuko wazima kule. Wewe ukifika kwake, fungua friji yake. Friji haijui kusema uongo."

Nikacheka, nikaona bibi ana vituko.

Uwanjani Toronto mbwa mdogo alilipenda begi langu, wakanivuta pembeni. Ofisa akafungua, harufu ya dagaa ikampiga, akageuza uso. Dagaa wakapita. Mawese yalikuwa yamevuja yote kwenye kitenge nilichomletea Kaka avae akiwa nyumbani. Kisha yakaja maswali. Huyu kaka ana miaka mingapi? Mara ya mwisho mlionana lini? Ana mke? Anaishi na nani? Kazi yake hasa ni nini? Nikawa najibu sijui, nadhani, sina hakika. Kwa dakika kumi yule mtu aliuliza habari nyingi za Kaka kuliko nilizowahi kumuuliza mwenyewe maishani. Nikaona wenzetu hawana adabu.

Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya mlango. Hakuinuka. Nikapiga goti pale pale kwenye vigae, nikasema shikamoo, watu wakageuka kutuangalia, akaniwekea mkono kichwani. "Marahaba, Ade. Umezeeka." Tukacheka na kulia. Sikuwaza kwa nini hakuinuka. Niliona ndivyo inavyompasa mkubwa, apokee salamu ameketi.

Flemingdon Park, ghorofa ya kumi na moja

Kaka anakaa Flemingdon Park, kwenye maghorofa marefu yaliyopangana juu ya bonde. Lifti mojawapo ilikuwa mbovu, nyingine imejaa, tukasubiri karibu nusu saa na mabegi. Mtu mmoja akasema twendeni kwa ngazi. Kaka akasema, "Nenda wewe, mimi nasubiri." Mimi nikakaa naye.

Jirani yake anaitwa Mama Furaha, Mkongomani wa Fizi, anafanya kazi ya kutunza wazee. Alikuja na bakuli la sombe, kisamvu chao, kabla sijavua koti. Binti zake wawili wanaelewa kila neno na wanajibu kwa Kiingereza, naye hawajali, anaendelea na lake.

"Karibu, dada. Tunakungojea tangu. Kaka yako anakusemaka kila siku, dada yangu iko munganga."

"Mimi si mganga, mama, ni muuguzi tu."

"Ni moja. Basi utamuangalia, eh? Sie anatukatalia."

Nilidhani anakataa kupikiwa. Nikasema nitamwangalia, nikashukuru kwa sombe. Mama Furaha akanitazama kidogo. "Si miye wa kusema mambo ya mwanaume," akasema, akatoka.

Sasa nisikilizeni, nyie mnaojua kazi yetu. Kaka alipika amekaa kwenye kigoda. Alivua kiatu kimoja, cha mguu wa kushoto hakuvua mpaka nilipokwenda kulala. Alilala kwenye kochi, mguu juu ya mito. Na chumba kilikuwa na harufu. Aliwasha ubani, akasema majirani wanapika vitu vya ajabu, lakini harufu ile mimi naijua. Nimeifunga bandeji miaka ishirini na minne. Siku ya tatu nikakumbuka maneno ya yule bibi, nikafungua friji kutafuta maziwa. Mlangoni, kando ya haradali, zilikuwa kalamu nne za insulini.

Nikaufunga mlango wa friji taratibu, kama mtu aliyemfumania mkwewe anaoga.

Wengi wana sukari, nikajiambia. Akitaka nijue ataniambia. Yeye ni mkubwa. Pale kazini nawauliza watu hamsini kwa siku, wewe unaumwa nini, inauma wapi, tangu lini, vua nione, wazee kwa vijana, mpaka diwani nimemvua suruali. Kwa Kaka ulimi ulikuwa jiwe. Nilikunywa chai ya rangi.

Ngomeni

Jumamosi akanipeleka kazini kwake. Basi la kwanza lilitufikisha Eglinton, la pili tukalingoja dakika arobaini kwenye theluji iliyochafuka kama uji uliomwagika, la tatu likatushusha mbali, kwenye maghala. Hapo njiani ndipo aliponieleza ngome yenyewe, na fahari ya Mama ikafia kwenye kiti cha basi.

Si ngome ya jeshi. Ni ukumbi wa karamu uliojengwa kama ngome, mawe ya plastiki mbele na bati nyuma, na jina lake Corbenic. Kaka alisema Corbenic ni ngome ya hadithi za kale za Wazungu, za wapiganaji wapanda farasi. Ilikuwa karibu na maji, na aliyeitafuta hakuiona, ila aliyepotea njia ndiye aliyejikuta mlangoni. Ndani yake kuna mfalme mwenye jeraha la paja lisilopona, hawezi kusimama wala kupanda farasi, na kwa sababu ya jeraha lake nchi nzima imekauka. Kijana mmoja mgeni akafika, akakaribishwa chakulani. Mbele ya macho yake ukapita mkuki unaotona damu, likapita na kombe linalong'aa limebebwa na binti. Kijana akaona yote, akaona na mfalme anavyougua, asiulize neno. Alikuwa amefundishwa kwamba mtu mwenye adabu haulizi-ulizi. Asubuhi akaamka, ngome tupu, hakuna mtu. Huko nje akaambiwa: ungeuliza tu, mfalme angepona.

"Sasa kosa lake nini?" nikamwambia Kaka. "Huyo kijana alilelewa vizuri. Mgeni ataingiliaje jeraha la mwenyeji wake?"

"Ndivyo unavyoona?"

"Si wewe uliyenifundisha?" Nikamkumbusha. Nilikuwa na miaka tisa, akaja mgeni nyumbani asiye na vidole mkono mmoja, nikamuuliza vimekwenda wapi. Kaka alinitoa nje nyuma ya jiko, akanichapa kofi moja, akasema: mtu akiwa na lake atalisema mwenyewe.

Akageukia dirisha. "Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, Ade. Nilijua nini?"

Nikadhani ananitania. Nikamtania na mimi, nikamuuliza yeye huko ngomeni ni nani, mfagiaji au mpishi. Akasema, "Mimi ndiye mfalme."

Na kweli. Nilikalishwa meza ya mbele kati ya familia zenye watoto waliovaa mataji ya karatasi. Tuliletewa nusu kuku kila mmoja na mkate mgumu, bila uma wala kisu, na Wazungu wakachangamka kama wanaoiba, wametoka mbali kuja kuruhusiwa kula kwa mikono. Yule aliyekaa kulia kwangu akanifundisha namna ya kushika paja la kuku. Nikamwambia asante.

Pazia likafunguka, Kaka yangu yuko kitandani, taji kichwani, blanketi jekundu mpaka kiunoni, mguu wa kushoto ndani ya buti la ngozi umeinuliwa juu ya mto. Ule ule mlalo wa kwenye kochi. Mkuki ukapita, kombe likapita, taa zikageuka rangi. Mshereheshaji akatuambia kwamba kijana wa kale alinyamaza, lakini sisi si wajinga kama yeye, sisi tutamponya mfalme. Akasema, nikihesabu tatu, wote mumuulize kwa sauti. Akahesabu. Ukumbi mzima ukapiga kelele kwa Kiingereza: unaumwa nini, mfalme? Watoto walisimama juu ya viti. Vikongwe walipiga kelele. Yule wa kulia kwangu mate yalimtoka.

Mimi sikufungua mdomo. Ningewezaje kumpigia Kaka kelele hadharani? Na Kaka alikuwa ananiangalia mimi. Si ukumbi, mimi. Alinikazia macho kwa muda mrefu hata mshereheshaji akalazimika kuhesabu tena.

Kelele ya pili ilipoisha, akainuka. Ndiyo kazi yake, akiulizwa apone, asimame, anyooshe mikono juu. Aliushusha mguu, akaukanyagia, uso wake ukabadilika. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, taya likakaza, akanyoosha mikono. Nyie mnaijua sura ya mtu anayekanyagia kidonda. Mimi nimeifundisha kwa wanafunzi. Nilisimama nikapiga makofi mpaka viganja vikaniuma.

Kwenye basi nikamwambia, "Kaka, kumbe unajua kuigiza maumivu hivyo!"

"Mazoezi," akasema.

Alinishika mkono njia nzima kama nilipokuwa mdogo.

Kurudi

Aliniuliza mara tatu. Mara ya kwanza jikoni, siku moja kabla ya kuondoka, mimi nasonga ugali wa kula na wale dagaa: "Ade, huna neno?" Nikakumbuka karatasi ya Mama iliyoishia porini Kaliua, nikajiona mwanamke wa maana. "Sina, Kaka." Mara ya pili kituoni kwenye basi: "Kweli huna neno?" Nikasema sina, nashukuru kwa yote. Mara ya tatu uwanjani, amekaa kwenye benchi, mimi nimesimama na begi. Akasema, "Basi. Msalimie Mama." Nikapiga goti, nikaondoka, nikageuka mara moja nikamwona bado amekaa. Nilipanda ndege nikijipongeza kwamba angalau ndugu mmoja amefika kwake asimwombe kitu.

Safari ya kurudi sina la kuwaambia. Treni haikuchelewa hata kidogo. Zabibu za Dodoma zilikuwa nzuri. Mama akauliza vipaza sauti viko wapi, nikasema mwanao ni mzima, na analinda ngome.

Wiki ya tatu Mama Furaha akapiga simu mchana, nikiwa chumba cha sindano. Alizungumza haraka, Kifaransa kikiingia katikati, ikabidi nimwombe aanze upya. Kaka alikuwa ameulizwa na ukumbi, akainuka, akaanguka. Watu wakapiga makofi. Wakadhani ni sehemu ya mchezo, wakapiga makofi mpaka binti aliyebeba kombe akapiga yowe. Hospitali walikata mguu chini ya goti. Kidonda kilianza na buti, lile buti la mfalme, lilimbana kidole mwaka mzima naye hasikii kwa sababu ya sukari, mpaka maumivu yalipofika mfupani.

"Mwanzo docteur alisema tunatoa vidole viwili tu," Mama Furaha akasema. "Akakatala. Akasema miye niko na dada, ni yeye nitasikiliza. Ndiyo maana alikuita. Dada, weye ulimuangalia?"

Nilikata simu, nikaenda kumdunga sindano mtoto wa watu, nikatoka nikatapika nyuma ya tangi la maji. Ndiyo siku ile mlioniambia nina malaria.

Nina hasira. Nina hasira na yeye, aliyekuwa na mdomo wake mwenyewe na siku kumi na nne za kuutumia. Mkubwa hawezi kumwambia mdogo wake aliyemlea kwamba anaogopa, mpaka aulizwe. Najua, ndivyo tulivyo. Lakini kuogopa kuonekana unaogopa ndiyo nini? Nina hasira na ile adabu yetu tunayojisifia. Na zaidi nina hasira na mimi, kwa sababu sikuwa mjinga kama yule kijana wa Corbenic. Yeye hakujua. Mimi niliijua harufu, niliziona kalamu, niliuona uso. Nilijua, na nikanywa chai.

Juzi Jumapili ndipo nilipopata nguvu za kumpigia. Amerudi kwake, Mama Furaha anampelekea sombe, ngomeni wamemwambia akipona kitanda chake kipo. Nilimwamkia. Halafu nikasema kwa sauti, peke yangu chumbani, nimesimama: "Kaka, unaumwa nini?"

Nikasikia kigoda kikivutwa, akaketi.

"Hilo swali, Ade," akasema, "nimeulizwa kila Jumamosi na Jumapili miaka mitatu, na ukumbi mzima, na kila mara nikainuka. Wewe nilikutoa Kigoma uje uniulize mara moja."

Nikalia, akaniacha nilie. Kisha akasema yamepita, akauliza Mama hajambo. Nyie mnajua kwamba tangu Pasaka Mama hainuki kitandani. Nikamjibu hajambo, anakusalimu sana. Hakuuliza zaidi, nami sikuongeza.